Mchuzi wa Maharage si Maharage

Hotuba kwa wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenye mashine za kusaga, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mkoani Njombe

Kamwene!

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wahudumu wetu wa afya, wazee wetu, kina mama na kina baba mlioacha shamba asubuhi hii mkaja hapa: asanteni sana.

Mkoa huu unalima mahindi, maharage, viazi, chai na parachichi. Malori yanapakia hapa kwenda kulisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Njombe walio chini ya miaka mitano, karibu 50 wamedumaa. Kwa jirani zetu Iringa ni karibu 57. Wastani wa nchi nzima ni 30. Yaani mikoa inayojaza maghala ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao. Udumavu una mizizi mingi: kuhara, maji machafu, mimba za karibukaribu, mama mjamzito asiyepata kupumzika. Hayo yote ni ya kweli na yana siku yake. Leo tubaki jikoni, kwenye sufuria ya uji na sufuria ya maharage, kwa sababu humo kuna jambo ambalo kila kaya iliyopo hapa inaweza kulirekebisha leo jioni bila kusubiri mradi.

Mama akiulizwa habari za chakula cha mtoto, hujibu: anakula, anashiba. Ni kweli anashiba. Mahindi yanajaza tumbo na yanatoa nguvu. Protini pia yanayo, kama gramu 9 katika kila gramu 100 za dona. Shida ni aina ya protini hiyo.

Fikirieni fundi anayetaka kutundika milango kumi. Kila mlango unahitaji bawaba mbili. Mbao anazo tele, ila bawaba alizonazo ni kumi tu. Atatundika milango mitano, na mbao zilizobaki zitaishia kuwa kuni. Mwili nao hujenga hivyo hivyo. Protini imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na kimojawapo, laisini, ndiyo bawaba ya mahindi: haitoshi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kama gramu 5 za laisini katika kila gramu 100 za protini anayokula. Protini ya mahindi ina kama gramu 2.7, karibu nusu. Protini inayobaki bila bawaba mwili huichoma kama kuni. Mtoto amekula, ameshiba, na hakujengwa.

Maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu mawe yana laisini nyingi, gramu 6 hadi 7 katika gramu 100 za protini. Yenyewe yamepungukiwa na asidi amino nyingine, metionini, ambayo mahindi, mtama na ulezi yanayo. Kwa hiyo kila upande una bawaba ambazo mwenzake amekosa. Wazee wetu hawakupima maabara, lakini kande ni mahindi na maharage; watu wa pwani wana mseto wa mchele na choroko, na asubuhi wanakula mahamri kwa mbaazi. Mapishi yote hayo yanakutanisha nafaka na mikunde.

Sasa kipimo. Nafaka sehemu 7, mikunde sehemu 3, kwa uzito, vikiwa vikavu. Tupige hesabu pamoja. Gramu 70 za mahindi zinatoa gramu 6 na kidogo za protini. Gramu 30 za maharage zinatoa gramu 6 na nusu. Jumla karibu 13, na laisini yake inakaribia gramu 5 katika kila 100, kile anachohitaji mtoto. Mkikosa mizani, tumieni kikombe kimoja kwa vyote viwili, maana punje za mahindi na za maharage haziachani sana kwa uzito: vikombe 7 kwa 3, au kwa wepesi, viwili kwa kimoja. Soya ina protini nyingi zaidi, kama gramu 36 katika gramu 100, basi sehemu 8 za mahindi kwa 2 za soya zinatosha.

Hapo ndipo tunapotofautiana na ule unga unaouzwa kila mahali, unga wa lishe wa nafaka saba, nane, hadi kumi. Tunajua wengi mnaununua kwa upendo, na kwa fedha iliyotoka jasho. Lakini tazameni kilichomo: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele. Hao wote ni ndugu wa nyumba moja, na wote wamepungukiwa na bawaba ileile. Ukichanganya nafaka sita umepata nafaka. Kisha mikunde inatiwa kiganja kimoja, karanga zinasagwa humohumo, na vyote vinakaangwa pamoja kwenye kikaango kimoja ilhali kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Mchele unaungua, soya inabaki mbichi. Baada ya wiki chache mafuta ya karanga yanaharibika, unga unakuwa na uchungu ulimini, na mtoto anaukataa. Mama anadhani mtoto hana hamu ya kula. Mtoto akipata vipele au tumbo kuvurugika, nani atajua ni kipi kati ya vile kumi? Nafaka moja na mikunde ya aina moja, vikiandaliwa vizuri, vinatosha. Na wenye mashine, tafadhali, mteja akileta mchanganyiko wa vitu kumi, mwelezeni.

Na wala si lazima uwe unga. Hili ndilo tunalotaka mwondoke nalo, hasa bibi zetu mnaobaki na wajukuu mama akienda shamba. Karibu kila nyumba hapa inapika maharage mara kadhaa kwa wiki. Mtoto wa miezi saba, minane, anapewa nini katika sufuria ile? Mchuzi. Ugali laini unachovywa kwenye mchuzi, kwa hofu kwamba maharage yenyewe yatamuumiza tumbo. Mchuzi una chumvi, rangi na ladha, na protini kidogo mno. Protini imebaki kwenye punje, na punje zimeliwa na watu wazima.

Fanyeni hivi. Maharage yakiiva kabisa, kabla ya kutia chumvi nyingi na pilipili, chota punje pembeni. Ziponde kwa mwiko au kinu kidogo, kisha zipitishe kwenye chujio la chai kwa kuzisukuma na kijiko. Maganda yatabaki juu, rojo laini litashuka. Ganda ndilo linalowasumbua wachanga zaidi. Akifika mwaka mmoja anaweza kula na maganda yake. Kikombe cha uji cha robo lita kina kama gramu 25 za unga, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Ili ufikie ile 7 kwa 3, kikombe hicho kinataka gramu 10 na kidogo za maharage makavu, ambazo zikipikwa ni kama gramu 30. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula vya rojo. Vijiko viwili kwa kikombe, basi. Choroko zilizokobolewa ni nzuri zaidi kwa kuanzia, kwa sababu huiva upesi, hazihitaji kuni nyingi na ni laini tumboni. Anza na kijiko kidogo kimoja, ongeza siku hadi siku. Na tunaposema mtoto, tunasema aliyetimiza miezi sita. Chini ya hapo ni maziwa ya mama peke yake.

Kuhusu gesi tumboni: kinachosababisha ni aina za sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja, kwa hiyo bakteria wa utumbo mpana huzila na kutoa gesi. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Loweka maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, suuza, pika kwa maji mapya. Kuloweka kunapunguza pia fitati, kitu kinachoshika madini chuma na zinki yasiingie mwilini, na kunapunguza kuni. Tunajua kuni na mkaa ndivyo vinavyofanya mikunde iwe michache kwenye sahani. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu, unapika saa tatu na bado yanagonga. Wengi hukimbilia magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Heri ununue maharage ya msimu huu, uyaloweke, na ya zamani uyatenge kwa kazi nyingine.

Kuna onyo moja tunaomba mlisikilize vizuri. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara saa chache baada ya kula. Maji yanayochemka kwa nguvu huiua. Joto la chini haliiui. Maharage yaliyopashwa moto tu bila kuchemka yanaweza kuwa na madhara makubwa kuliko mabichi. Kwa hiyo wanaotumia jiko kapu, lile kapu linalotunza joto ili chakula kiivie humo bila moto, kuokoa mkaa, na ni jambo jema, kwanza yachemsheni kwa nguvu nusu saa nzima ndipo myafunike kwenye kapu. Asiyachukue mtu kutoka kulowekwa akayatia moja kwa moja kwenye kapu na maji ya moto. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri unga wa maharage yaliyokaangwa makavu: kukaanga kunababua nje, ndani panabaki pabichi. Anayetaka unga wa maharage, ayaloweke, ayachemshe mpaka yakaribie kuiva, ayaanike yakauke kabisa, ndipo ayasage.

Sasa soya. Tunasema soya yenyewe, ile ndogo ya mviringo. Maana sokoni kuna maharage ya njano ambayo baadhi ya wauzaji huyaita soya, na hayo ni maharage. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kusaga protini tumboni. Ukimpa mtoto soya isiyoiva, unamnyima hata ile protini ya mahindi. Tena ina harufu ya majani mabichi ambayo watoto wengi huichukia, na harufu hiyo huzaliwa pale soya inapolowekwa au kupondwa katika maji ya baridi. Kwa hiyo soya haiandaliwi kama maharage. Usiiloweke. Pembua kilo moja, toa mawe na punje zilizooza. Chemsha kwanza lita tatu za maji mpaka yatokote hasa, kisha mimina soya kidogokidogo ili mtokoto usikatike. Acha ichemke dakika 25 hadi 30. Mwaga maji, suuza kwa maji ya baridi, ifikiche kwa mikono maganda yaelee uyaondoe. Anika kwenye turubai safi lililoinuliwa kutoka ardhini, siku moja hadi mbili kwa jua zuri. Hapa Njombe, msimu wa ukungu, itachukua zaidi, msiharakishe. Punje iliyo tayari ukiing'ata inavunjika kwa sauti, ikipinda, bado. Mwisho ikaange kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya dhahabu, isiwe kahawia, kwa sababu moto mkali huharibu ileile laisini tunayoitafuta.

Mashineni, soya isisagwe peke yake. Mafuta yake huziba chekeche. Ichanganywe na mahindi makavu kwanza, 2 kwa 8, ndipo viingie pamoja. Sageni kidogo, unga wa wiki mbili au tatu, uwekwe kwenye chombo chenye mfuniko mahali pakavu. Uji wake nao uchemke dakika 15 hadi 20, ukikorogwa, kwa kuwa unga wenye mikunde hushika chini ya sufuria upesi.

Karanga tunaziweka kando kwa sababu mbili. Kwanza, laisini yake ni ndogo, karibu na ile ya nafaka kuliko ile ya maharage, kwa hiyo hazizibi pengo. Kazi yake ni mafuta na nguvu, na kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Pili ni sumukuvu. Ukungu unaoizalisha hupenda karanga na mahindi kuliko mazao mengine, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe. Isipewe kuku, isitiwe kwenye kashata. Mahindi nayo yapimwe ukavu kabla ya kuhifadhiwa: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika mbili tatu, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Karanga nzuri zikaange, zitwange laini, zitiwe kwenye uji wakati wa kupika, kijiko kidogo kimoja kwa kikombe. Hicho kijiko kinaongeza kama kilokalori 30, yaani kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, atapaliwa.

Tumezungumza protini, lakini kuna tatizo la pili kwenye kikombe kilekile, nalo ni maji. Uji wa kawaida, gramu 25 za unga kwa robo lita, unampa mtoto kilokalori kama 90. Kwa mililita 100 ni kama 36, na maziwa ya mama yana 65 hadi 70. Yaani tunamwachisha mtoto chakula kizito tukampa chepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama robo lita kwa mlo, halitanuki zaidi. Ukiongeza unga mara mbili uji unakuwa kama ugali, hawezi kuumeza. Na mwili usio na nguvu ya kutosha huichoma hata ile protini nzuri ya maharage ili upate nguvu, kazi yote ya kuloweka na kuchuja ikapotea.

Dawa yake ni kimea, na kimea hapa hakihitaji mwalimu, kwani ndicho kinachotengeneza togwa. Tumieni ulezi. Machipukizi ya mtama yanabeba sumu jamii ya sianidi, kwa hiyo kwa mtoto ulezi ni salama zaidi. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu, ukiunyunyizia maji safi, mpaka mizizi ifike kama urefu wa ukucha. Anika, fikicha mizizi itoke, saga. Kisha pika uji mzito wa gramu 50 za unga kwa kikombe, epua, na usubiri dakika chache. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatia kimea uji ukiwa unatokota, kimeng'enya chake, kile kinachoufanya uji uwe mwepesi, kinakufa, uji unabaki mzito, wanasema kimea hakifanyi kazi. Subiri mpaka uji uache kutokota na mvuke mkali upungue, lakini bado uwe wa moto usioweza kunyweka. Tia kijiko kidogo kimoja cha unga wa kimea, koroga, na ndani ya dakika tano hadi kumi uji mzito utateremka kuwa mwepesi mbele ya macho yako. Rudisha jikoni uchemke tena kidogo, maana kimea kimekaa na maji siku kadhaa na hakikosi vijidudu. Sasa mtoto anakunywa kikombe chenye kilokalori 180, kabla ya karanga. Mkiupika mzito hivyo, rojo la maharage nalo liwe vijiko vinne, maana unga umeongezeka mara mbili.

Kwa watu wazima na watoto wakubwa hatuhitaji maneno mengi. Kande la vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage tayari liko kwenye kipimo. Tatizo ni kande lenye punje za maharage za kuhesabika. Mahindi yatangulie jikoni, maharage yafuate, vinginevyo maharage yatapondeka mahindi yakiwa bado magumu. Ugali wa robo kilo ya unga, sahani ya mkulima aliyetoka kulima, unataka kama gramu 100 za maharage makavu, yakiiva ni kikombe kimoja na nusu cha punje. Mama mjamzito na anayenyonyesha apate kiasi hichohicho, tena apakuliwe mapema, asisubiri kilichobaki chini ya sufuria. Anayetaka kutia soya kwenye ugali, sehemu 1 kwa 9 za dona na maji kidogo kuliko kawaida, kwa sababu unga huo haushikani kama sembe. Ukizidisha soya ugali unalegea na kubomoka mkononi.

Chai tunailima wenyewe na tunaipenda, lakini isinywewe pamoja na maharage. Inazuia madini chuma yaliyomo. Iacheni saa moja ipite. Nyanya, limau au embe pamoja na chakula hufanya kinyume chake, husaidia madini chuma kuingia. Wala mikunde haiondoi haja ya yai, maziwa na dagaa. Vitamini B12 haimo kwenye maharage hata uyapike vipi. Kuku akitaga, yai la kwanza si la sokoni.

Tumeandaa sufuria tatu pale chini ya mwembe. Ya kwanza ni uji mzito, tutautia kimea mkiwa mnaangalia. Ya pili ni maharage yaliyolowekwa jana, tutayaponda na kuyachuja. Ya tatu ina maji yanayotokota kwa ajili ya soya. Kina baba, karibuni mbele pia; chujio lile linataka mikono yenye nguvu. Kila mwenye mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili achukue kikombe na kijiko kwa mhudumu wetu, na watoto waliolala waamsheni taratibu, chakula kitakuwa tayari baada ya nusu saa.